Modemu ya Nyumbani Inazuia Masasisho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa yeyote ambaye kompyuta, simu au runinga yake imegoma kusasishwa, naye anashuku ngome iliyo ndani ya modemu. Ngome ni ile sehemu ambayo kwenye modemu nyingi imeandikwa "Firewall". Wengine huiita ukuta wa moto. Kazi yake ni kukagua pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinazoingia na kutoka, na kuamua ipi ipite na ipi itupwe. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukwama.

Nitajuaje kwamba tatizo ni modemu na si kompyuta yangu?

Washa hotspoti ya simu yenye data, unganisha kompyuta hapo, kisha jaribu kusasisha. Jaribio hili ni la dakika tano tu na huokoa siku nzima ya kubahatisha. Sasisho likianza kushuka, kompyuta yako ni nzima. Kizuizi kiko kwenye modemu au kwa kampuni inayokupa intaneti. Likigoma vilevile, iache modemu kwanza. Tazama nafasi iliyobaki kwenye diski, saa ya kompyuta, na programu ya kuua virusi uliyoweka, kwa sababu nyingi kati yake huja na ngome yake yenyewe.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. Kwanza, zima Wi-Fi ya simu kabla ya kuwasha hotspoti, maana simu nyingine hugawa mtandao uleule wa modemu, na jaribio zima linakuwa bure. Pili, sasisho kubwa la mfumo linaweza kufika gigabaiti kadhaa, kwa hiyo ukiona limeanza kushuka, lisitishe. Jibu umeshalipata, hakuna haja ya kumaliza data.

Kisha geuza jaribio: chukua kifaa kingine ukiunganishe kwenye modemu ileile. Vifaa vyote vikigoma, ni modemu au kampuni ya intaneti. Kikigoma kimoja tu, ama kifaa chenyewe kina kasoro, ama ndani ya modemu kuna kanuni inayokilenga hicho peke yake.

Tovuti zote zinafunguka, video zinacheza. Mbona masasisho tu ndiyo hayaji?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake huwashangaza wengi.

Mawasiliano ya intaneti hupita kwenye milango yenye namba, ambayo mafundi huiita poti. Tovuti za siku hizi karibu zote hutumia mlango namba 443, ambao mazungumzo yake husimbwa. Mlango wa zamani, namba 80, hausimbi kitu. Kwa hiyo mtu anayejali usalama akikuta kwenye modemu sehemu ya kufunga milango, hufikiri: 80 ni wa kizamani, hauna usiri, nitaufunga. Anaufunga, anafungua kivinjari, kila kitu kiko sawa, anaridhika.

Lakini masasisho mengi bado hupita mlango namba 80. Windows huuliza kuna nini kipya kupitia 443, halafu mafaili yenyewe mara nyingi huyapakua kupitia 80. Debian na Ubuntu, mifumo ya jamii ya Linux, nazo kwa miaka mingi zimekuwa zikipakua vifurushi vya programu kwa njia hiyohiyo. Si uzembe. Kila faili huja na sahihi ya kidijitali, na kompyuta huikagua sahihi hiyo kabla ya kusakinisha chochote. Mtu akilichezea faili njiani, sahihi haitalingana na faili litatupwa. Usalama uko kwenye sahihi, haumo katika njia.

Mimi mwenyewe niliwahi kuufunga mlango huo nyumbani kwangu nikiamini ninajenga usalama. Kompyuta ilikaa wiki kadhaa bila kiraka (sasisho la kuziba kasoro) hata kimoja, huku mimi nikilaumu Windows. Tangu hapo, kitu cha kwanza ninachokagua ni kama 80 na 443 zote mbili ziko wazi kwa safari za kutoka.

Sababu nyingine ya dalili hiyohiyo ni kichujio cha majina ya tovuti. Mtu ameandika neno "download" kwenye orodha ya maneno yaliyokatazwa ili watoto wasipakue michezo. Neno hilo limo ndani ya download.windowsupdate.com. Modemu haijui nia yako. Inalinganisha herufi tu.

Nimesoma mahali kwamba nifungue poti ili masasisho yaingie. Nifungue ipi?

Usifungue yoyote.

Sasisho haliji lenyewe kubisha hodi kwako. Kompyuta yako ndiyo inayotoka, inakwenda hadi kwenye seva (kompyuta ya kampuni inayotoa masasisho), inaomba, na seva inajibu. Kompyuta inapotoka, modemu huandika kwenye jedwali lake kwamba kifaa fulani kimekwenda kwenye anwani fulani kupitia mlango fulani. Jibu likirudi, modemu hutazama jedwali, hukuta safari ile imeandikwa, na hulipitisha. Mgeni ambaye hakualikwa haonekani kwenye jedwali, basi anaachwa nje. Hivyo ndivyo modemu nyingi za nyumbani zilivyopangwa tangu kiwandani: kutoka ni ruhusa, kuingia bila kuitwa ni marufuku.

Kwa hiyo kama masasisho yamezuiwa, kilichofungwa ni njia ya kutoka. Ukurasa wa "Port Forwarding" hushughulika na kuingia. Ukiujaza namba, masasisho hayatakuja, ila utakuwa umewafungulia watu wa nje mlango wa kifaa chako. Ile sehemu iitwayo "DMZ" ni hatari zaidi, kwa sababu hukabidhi kifaa kimoja kila ombi la kutoka nje ambalo halina mwenyewe. Kama uliwahi kuiwasha kwa ushauri wa mtu, izime leo.

Nikizima ngome kwa dakika chache tu, nijaribu, kuna ubaya?

Kushusha kiwango kutoka juu hadi cha kati kwa dakika kumi, wewe ukiwa umekaa hapo, kunakubalika kama kipimo. Kuizima moja kwa moja sikushauri. Mtu huzima kwa dakika chache, sasisho linashuka, furaha inamsahaulisha, na ngome inabaki imezimwa mwaka mzima.

Hata kama kuzima kumesaidia, bado hujajua kanuni gani ilikuwa inazuia. Umejua tu kwamba ipo. Irudishe ngome, kisha zima kanuni moja, jaribu. Irudishe, zima inayofuata. Ni kazi ya subira lakini ina mwisho.

Kwani nikiacha tu bila kusasisha, kutatokea nini?

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka kilichoitwa MS17-010 kuziba tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, takriban miezi miwili baadaye, programu hasidi ya kudai fidia (ransomware) iitwayo WannaCry ilianza kusambaa kupitia tundu lilelile, ikafunga mafaili ya watu katika nchi nyingi na kuvuruga hospitali za huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Dawa ilikuwa imeshatoka. Walioumia ni wale ambao haikuwafikia, au hawakuiweka.

Kompyuta iliyozuiwa masasisho na modemu yake iko kwenye kundi hilo bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana nakuomba usilichukulie hili kama kero ya kusubiri mwezi ujao.

Nitaingiaje ndani ya modemu?

Fungua kivinjari, andika anwani ya modemu pale juu. Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, nyingine hutumia 192.168.8.1 au 192.168.100.1. Kama hujui yako, kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike `ipconfig`, kisha tafuta mstari wa "Default Gateway". Kwenye Linux ni `ip route`, na anwani hufuata neno "default". Jina na nenosiri la kuanzia huwa kwenye stika iliyobandikwa chini au nyuma ya modemu.

Kabla ya kugusa kitu, piga picha ya kila ukurasa utakaoubadilisha. Picha hizo ndizo zitakazokurudisha ulikotoka.

Nimeshaingia. Nitazame wapi?

Anza na kiwango cha ngome. Modemu nyingi zina ngazi tatu: chini, kati, juu. Kwenye ngazi ya juu, baadhi yake hufunga hata safari za kutoka isipokuwa milango michache iliyotajwa, na kwa watu wengi tatizo huishia hapo. Weka ngazi ya kati ujaribu.

Kisha nenda kwenye udhibiti wa wazazi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ya jirani yangu mmoja. Kompyuta yake ilikuwa haijasasishwa kwa miezi, na kila aliyekuja kumsaidia aliikuta inafanya kazi vizuri. Mchana ukibofya kitufe cha kusasisha, kinasasisha. Mafundi wakaondoka wakisema haina shida. Nilipofungua modemu nikakuta ratiba: intaneti inafungwa saa nne usiku na kufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa vifaa vyote, ili watoto walale. Kompyuta yake ilikuwa imewekewa kujisasisha saa tisa usiku. Kila usiku iliamka, ikagonga ukuta, ikalala tena. Tuliitoa kompyuta kwenye ratiba, tukawaacha watoto na simu zao mle mle. Kesho yake asubuhi alinipigia kusema imeomba kuzimwa na kuwashwa ili imalize kusakinisha.

Baada ya ratiba, tazama orodha ya maneno na tovuti zilizokatazwa, halafu orodha ya huduma au milango iliyofungwa kwa kutoka. Mwisho, tazama kichujio cha anwani za MAC, yaani zile namba za utambulisho wa kadi ya mtandao ya kila kifaa. Kama kichujio kipo kwenye hali ya kuruhusu waliotajwa tu, kifaa kipya hakitapata chochote hadi kiandikwe.

Modemu yangu ina kumbukumbu za matukio. Nizisomeje?

Kuzisoma ni kazi yenye faida kubwa, na wengi huziruka. Tafuta ukurasa ulioandikwa "Log" au "System Log", uwashe kumbukumbu za ngome kama zimezimwa, kisha bofya kitufe cha kusasisha kwenye kompyuta na urudi kuutazama ukurasa huo mara moja. Unatafuta mstari unaofanana na huu:

`DROP IN=br0 OUT=ppp0 SRC=192.168.1.23 DST=203.0.113.45 PROTO=TCP DPT=80`

Usome kipande kwa kipande. DROP maana yake pakiti imetupwa. IN=br0 ni upande wa nyumbani kwako, OUT=ppp0 ni upande wa kampuni ya intaneti, kwa hiyo pakiti hii ilikuwa inatoka. SRC ni kifaa kilichoituma. Linganisha na anwani ya kompyuta yako. DST ni seva ilikokuwa inakwenda. DPT ni mlango, na hapa ni 80. Mstari mmoja tu, nao umekwambia nani kazuiwa, akienda wapi, kupitia mlango upi.

Muundo hutofautiana kati ya modemu na modemu, lakini habari hizo kwa kawaida huwemo. Ukikuta mamia ya mistari ambayo IN yake ni upande wa nje, usiogope: hao ni wapita njia wa intaneti wanaojaribu milango ya kila mtu mchana na usiku, na ngome yako inafanya kazi yake.

Windows inanipa namba ya kosa ndefu. Ina maana gani?

Namba hizi nne ndizo zinazohusiana zaidi na mtandao:

0x80072EE7 ni kwamba jina la seva halikupatikana. Tatizo ni DNS, ile huduma inayogeuza majina kuwa anwani za namba.

0x80072EFD ni kwamba jina limepatikana lakini muunganisho umekataliwa au haukufika. Hii ndiyo sura ya kawaida ya ngome.

0x80072EE2 ni muda umekwisha bila jibu. Inaweza kuwa ngome inayotupa pakiti kimya kimya, au mtandao dhaifu tu.

0x80072F8F ni kosa la muunganisho salama, na mara nyingi chanzo chake ni saa au tarehe isiyo sahihi.

Saa inahusianaje na masasisho?

Kila seva salama huonyesha cheti cha kidijitali cha kujitambulisha, chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta hulinganisha tarehe hizo na saa yake. Betri ndogo ya ubao mkuu ikifa, kompyuta inaweza kuamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita, na kila cheti kitaonekana hakijaanza kutumika. Kompyuta hukataa, na mtumiaji hulaumu modemu.

Hata hivyo, modemu inaweza kuwa na hatia kwa njia ya mzunguko. Vifaa hurekebisha saa zao kupitia mlango namba 123 wa UDP, mojawapo ya njia za kusafirisha data. Ngome ikiufunga huo, saa hupotea polepole, na siku moja masasisho hugoma bila mtu kukumbuka alichofunga.

Pia kuna vifaa vya zamani ambavyo saa yake ni sahihi kabisa lakini orodha yake ya vyeti imepitwa na wakati. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha mzizi (kile ambacho vyeti vingine hukitegemea) kiitwacho DST Root CA X3 kiliisha muda, na vifaa vingi vikuukuu vikaanza kukataa seva ambazo jana yake vilizikubali. Modemu haikuhusika hata kidogo.

Nipime vipi kama mlango fulani unapitika?

Kwenye Windows fungua PowerShell uandike:

`Test-NetConnection download.windowsupdate.com -Port 80`

Subiri mstari wa mwisho. Ukisema "TcpTestSucceeded : True", njia iko wazi. Ukisema "False", imefungwa mahali fulani. Rudia kwa 443 na jina la update.microsoft.com. Kwenye Linux na Mac, amri ya `nc -vz archive.ubuntu.com 80` hufanya kazi ileile. Endesha mara moja ukiwa kwenye modemu na mara moja ukiwa kwenye hotspoti, uandike majibu yote. Utayahitaji ukipiga simu kwa kampuni yako.

Nimeweka DNS inayochuja matangazo. Inaweza kuwa ndiyo?

Inaweza, na sana. Baadhi ya orodha za kuchuja huweka majina ya seva za kampuni za programu kwenye kundi la wafuatiliaji, na sasisho linaangukia humo. Kwa muda wa jaribio, weka DNS ya umma, 1.1.1.1 au 8.8.8.8, kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye modemu nzima. Sasisho likipita, rudi kwenye kichujio chako uruhusu jina linalohusika. Huna haja ya kukiacha kichujio chote.

Kwenye simu za Android tangu toleo la 9 kuna DNS ya faragha, inayotumia mlango namba 853. Ukiwa umetaja seva maalumu kwenye mpangilio huo, na modemu imefunga 853, simu itaonekana imeunganishwa na Wi-Fi lakini haipati kitu chochote.

Upakuaji unaanza vizuri, halafu unakwama katikati. Ni ngome pia?

Mara nyingi si kanuni ya kuzuia. Nimekutana na vyanzo viwili.

Cha kwanza ni ukubwa wa pakiti. Mtandao wa kawaida hubeba pakiti za baiti 1500. Modemu inayoingia kwa jina na nenosiri kupitia PPPoE hutumia baiti 8 kwa bahasha yake, zinabaki 1492. Anayetuma pakiti kubwa kuliko hapo, iwe kompyuta yako au seva, anatakiwa apashwe habari kwa ujumbe wa ICMP, yaani taarifa fupi za mtandao kuhusu hitilafu, ili apunguze. Kuna watu huzima ICMP yote kwenye ngome ili modemu isionekane. Ujumbe ule unatupwa, pakiti kubwa zinapotea, ndogo zinapita. Ndiyo maana ukurasa mwepesi unafunguka na faili zito linakwama. Pima hivi kwenye Windows:

`ping -f -l 1472 1.1.1.1`

Namba 1472 ikiongezwa baiti 28 za vichwa vya pakiti inafika 1500. Ukiambiwa pakiti inahitaji kugawanywa, shusha hadi 1464. Ikipita hapo, weka MTU ya modemu, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, iwe 1492, na uruhusu ICMP.

Cha pili ni kinga dhidi ya mafuriko ya maombi, iliyoandikwa "DoS Protection" au kitu kinachofanana nayo. Kipakuzi cha masasisho hufungua miunganisho mingi kwa wakati mmoja ili kiende haraka. Modemu yenye kiwango kidogo mno huona kompyuta yako kama mshambuliaji na kuikata kwa muda. Pandisha kiwango, au zima kipengele hicho kwa upande wa nyumbani tu. Dalili yake ni kwamba kukwama huja kwa vipindi: dakika kadhaa inakwenda, dakika kadhaa imesimama.

Simu inakataa, kompyuta haina shida. Kwa nini?

Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujibadilishia anwani ya MAC kwa ajili ya faragha. Kama modemu yako huruhusu anwani zilizoandikwa tu, simu iliyokuwa inafahamika jana leo ni mgeni. Zima anwani ya faragha kwa mtandao wa nyumbani pekee, kisha andika anwani halisi ya simu kwenye modemu. Kwa programu za Google Play angalia pia mlango 5228, na kwa taarifa za vifaa vya Apple mlango 5223. Yote ni ya kutoka.

Nina modemu ya kampuni, na nyuma yake nimeweka ruta yangu. Ipi inazuia?

Unganisha kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye modemu, ukiiruka ruta. Sasisho likipita, kizuizi ni ruta. Kuwa na vifaa viwili vinavyogawa anwani hakuzuii masasisho kwa kawaida, ila kunamaanisha una ngome mbili, na kurekebisha moja hakutoshi kama nyingine ina kanuni ileile.

Niruhusu anwani gani hasa?

Ruhusu majina, usiruhusu namba. Seva za masasisho zimetawanyika duniani na anwani zake za namba hubadilika. Kanuni uliyoandika leo kwa namba inaweza kufa wiki ijayo. Kwa Windows ruhusu kila kinachoishia na windowsupdate.com, update.microsoft.com na delivery.mp.microsoft.com. Kwa Ubuntu ni archive.ubuntu.com na security.ubuntu.com. Kwa Debian ni deb.debian.org. Kwa Apple anza na mesu.apple.com, gdmf.apple.com na swcdn.apple.com.

Je, inaweza kuwa ni kirusi?

Inaweza. Mnyoo uitwao Conficker, uliojitokeza mwaka 2008, ulikuwa na hila hiyo hasa: ulizuia kompyuta kufikia tovuti za masasisho na za programu za kuua virusi, ili usitolewe. Ukiona kurasa za kampuni za usalama ndizo hazifunguki, huku nyingine zote zinafunguka, usianze na modemu. Fungua kwa programu ya kuandikia faili la `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts`, linaloiambia kompyuta jina lipi liende kwenye anwani ipi. Mistari inayoanza na alama ya # haina madhara. Ukikuta mstari usio na alama hiyo wenye jina la Microsoft au la kampuni ya kuua virusi, nawe hukuuweka, huenda kompyuta imeingiliwa.

Ukiwa ndani ya modemu, tazama pia DNS iliyoandikwa humo. Kama ni anwani ambayo si ya kampuni yako wala hukuiweka wewe, huenda mtu aliingia. Badilisha nenosiri la modemu papo hapo.

Windows inasema inasubiri, lakini hakuna kosa lolote.

Tazama kama mtandao huo umewekwa kuwa wa kulipia kwa kiasi, "Metered connection". Windows huahirisha baadhi ya masasisho kwa makusudi ili kukuokolea data. Hilo si kosa la ngome.

Kompyuta yangu ni ya zamani na haileti kitu kipya kabisa.

Angalia toleo. Msaada wa Windows 7 ulikoma tarehe 14 Januari 2020, na wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mfumo umekwisha muda wake, hakuna kanuni ya ngome itakayorudisha masasisho.

Modemu yenyewe nayo inasasishwa?

Ndiyo. Ina programu dhibiti yake, na kasoro za ngome wakati mwingine huponywa na toleo jipya tu. Pakua kutoka kwa aliyeitengeneza au kwa kampuni iliyokupa, kwa modeli yako hasa, na usikate umeme wakati inajiandika. Kukatika umeme hapo katikati kunaweza kuiua.

Nimejaribu yote. Nirejeshe mipangilio ya kiwandani?

Ni sawa, ila kwanza andika jina na nenosiri la PPPoE kama lipo, jina la Wi-Fi na nenosiri lake. Wengi hubonyeza kile kitufe cha tundu, kisha hubaki bila intaneti kabisa kwa sababu hawakuandika maneno hayo. Kikandamize kwa sekunde kumi hivi hadi taa zibadilike, subiri iwake, kisha jaribu sasisho kabla ya kurudisha kanuni zako. Likipita, zirudishe moja moja, ukijaribu kila mara. Ile itakayolizuia tena ndiyo uliyokuwa unaitafuta.

Nikiipigia kampuni ya intaneti, niwaambie nini?

Usiseme "intaneti haifanyi kazi", maana watakuambia uzime na kuwasha. Waambie: "Mlango namba 80 kwenda download.windowsupdate.com haupitiki kwenye laini yenu, lakini unapitika kwenye hotspoti. Nimerejesha modemu kiwandani na hali ni ileile." Wape saa uliyopima na majibu ya amri ulizoandika. Uliza kama kwenye akaunti yako kuna kichujio cha maudhui upande wao, kwa sababu kampuni nyingine hukiwasha bila mteja kujua, na hicho huwezi kukiona wala kukizima ukiwa ndani ya modemu. Wakikubali kukizima, subiri dakika chache, zima modemu na kuiwasha, kisha rudia jaribio la mlango 80 kabla hujakata simu.